Kiswidi kwa Mlango wa Nani? Uchaguzi wa Kozi za Kujisomea na Wajibu wa Kiswahili

Katika makongamano ya vyama vya Kiswahili, swali la jinsi ya kumfundisha mgeni Kiswahili huulizwa mara kwa mara, na majibu yake yamejaza rafu za maktaba. Swali la pili, ambalo ni pacha wake, huulizwa kwa nadra: je, mzungumzaji wa Kiswahili hujifunza lugha ya mgeni kupitia lugha gani? Makala haya yanaliangalia swali hilo kwa mfano mmoja ambao huenda ukamshangaza msomaji. Mfano wenyewe ni wa mkaazi wa Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, anayetaka kujifunza Kiswidi peke yake, bila mwalimu na bila darasa.

Rai inayotolewa hapa ni kwamba kozi inayomfaa mtu huyo ni ile inayotanguliza sauti na kumruhusu kutumia maarifa ya lugha alizokuwa nazo tangu utotoni. Kozi zinazojulikana sana zinatimiza sharti la kwanza kwa viwango mbalimbali. Sharti la pili hazilitimizi, kwa kuwa hazikumkusudia. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na Waswidi wala na Waingereza. Linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, maadamu lugha inayofundishwa tu, isiyotumika kufundishia lugha nyingine, bado ni nusu ya lugha ya elimu.

Kibwezi na Uswidi

Yupo atakayeuliza: Kibwezi na Uswidi, wapi na wapi? Kibwezi ni mji ulio kwenye njia kuu ya Nairobi na Mombasa, nchi ya mashamba ya mkonge, ya asali na ya mvua haba. Hata hivyo, Ukambani kwa jumla una historia ndefu ya wageni waliokuja kujifunza lugha za wenyeji. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akasafiri hadi Ukambani mwaka 1849, na mwaka 1850 akachapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa mojawapo. Wamisionari wa Kiskoti nao walifungua kituo Kibwezi penyewe mwaka 1891, kabla ya kukihamishia Kikuyu mwaka 1898. Hao walikuwa na pa kuanzia. Kitabu cha Edward Steere kuhusu Kiswahili cha Unguja kilikuwa kimetoka tangu mwaka 1870, nacho kiliandikwa kwa Kiingereza, lugha yao wenyewe.

Miongoni mwa wageni hao alikuwemo Mswidi. Gerhard Lindblom alifanya utafiti Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912. Kazi yake kubwa kuhusu Wakamba ilichapishwa Uppsala mwaka 1916, ikatolewa tena mwaka 1920. Baadaye zilifuata juzuu tatu za fasihi simulizi ya Wakamba, zenye hekaya za wanyama, hekaya za mazimwi, vitendawili, methali na nyimbo. Lindblom ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa jumba la makumbusho ya ethnografia huko Stockholm. Kazi hizo zilizotajwa aliziandika kwa Kiingereza, lakini si maandishi yake yote yaliyo katika lugha hiyo. Masimulizi ya safari zake za Afrika Mashariki yalitoka kwa Kiswidi mwaka 1914, yakikusudiwa wasomaji wa kwao. Kwa hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi kutoka Kibwezi anayetaka kujua mgeni huyo aliwaeleza nini Waswidi wenzake kuhusu mababu wa Wakamba, hana budi kukisoma Kiswidi.

Sababu nyingine ni za maisha ya kila siku. Wapo wanaokwenda Uswidi kwa masomo. Tangu mwaka 2011, wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hutozwa karo, na ingawa shahada nyingi za uzamili hufundishwa kwa Kiingereza, masomo ya shahada ya kwanza kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa Kiswidi. Wapo pia wanaofuata wenzi wao wa ndoa. Serikali ya Uswidi huwapa wahamiaji masomo ya Kiswidi bila malipo, lakini masomo hayo humngoja mtu afike na kuandikishwa kwanza. Kabla ya safari, kila mmoja hujitegemea. Shule za upili za Kenya zina nafasi ya Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, Kiswidi hakimo. Basi kwa mtu wa Kibwezi, kujisomea ndiyo njia iliyopo.

Kozi zilizopo na tabia zake

Kozi za kujisomea Kiswidi zinaweza kugawanywa katika mafungu manne, na kila fungu lina hulka yake.

Fungu la kwanza ni la vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya msomaji asiye na mwalimu. Mifano yake ni Teach Yourself Swedish cha Vera Croghan na Colloquial Swedish cha Philip Holmes na Gunilla Serin. Sifa ya vitabu hivi ni mpangilio. Kila somo huanza na mazungumzo, hufuatiwa na sarufi, kisha mazoezi, na majibu ya mazoezi hupatikana mwishoni. Jambo hilo la mwisho si dogo. Anayejisomea bila majibu ni sawa na anayelenga shabaha gizani. Hajui kama mshale umepata au umepotea. Kasoro yake ni kwamba vitabu hivi vilikuwa vikitolewa na kanda au sidii, na nakala kuukuu zinazouzwa mitaani mara nyingi huwa zimetengana na sauti zake. Kitabu cha Kiswidi kisicho na sauti ni bubu, kama itakavyobainishwa hapa chini.

Fungu la pili ni la vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswidi kitupu, kama vile Rivstart cha Paula Levy Scherrer na Karl Lindemalm. Vitabu hivi ni vya kisasa, vina picha na mazungumzo ya watu wa leo, na havimlazimishi mwanagenzi kupitia lugha ya tatu. Hata hivyo, vilitungwa kwa ajili ya darasa. Vinamchukulia mwanafunzi kuwa ana mwalimu mbele yake na wenzake kando yake, na kwamba akitoka nje ya mlango atakisikia Kiswidi dukani na ndani ya basi. Aliyeko Kibwezi akitoka nje ya mlango atasikia Kikamba, Kiswahili na honi za malori ya Mombasa.

Fungu la tatu ni la kozi ya Taasisi ya Huduma za Kigeni ya Marekani, iliyotayarishwa kwa ajili ya maafisa wa ubalozi. Kozi hii hupatikana bure, pamoja na rekodi zake ndefu. Lugha yake ni ya kizamani kidogo, na mazingira yake ni ya watu wanaopokewa kwenye viwanja vya ndege na kualikwa chajio. Mazoezi yake ni ya kurudia na kurudia sentensi ileile kwa mabadiliko madogo. Wapo wanaouona mtindo huo kuwa wa kuchosha. Kwa asiye na mwalimu, kuchosha huko kuna faida, kwa sababu ulimi huzoea kabla ya akili kuanza kubishana nao. Isitoshe, rekodi zikishapakuliwa mara moja, husikilizwa hata pale ambapo mtandao umekatika au fedha za bando zimekwisha.

Fungu la nne ni la mtandaoni na simuni. Svenska institutet, taasisi ya umma iliyoundwa mwaka 1945, iliandaa kozi ya bure ya mtandaoni, nayo programu ya Duolingo imevutia vijana wengi kwa mtindo wake wa mchezo. Programu hii humpa mtu sentensi na kumtaka aitafsiri, mara kwa Kiswidi, mara kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye tatizo ambalo halitajwi. Mkamba anayekosea Kiingereza huhesabiwa kuwa amekosea Kiswidi. Anafanya mitihani miwili kwa wakati mmoja, na matokeo anayopewa ni ya mmoja.

Kinachofichwa na Kiingereza

Hapa ndipo ulipo moyo wa hoja. Kozi iliyotungwa kwa ajili ya Mwingereza hueleza kwa kirefu mambo ambayo Mwingereza hayajui, na hupita haraka kwenye yale anayoyajua. Mzungumzaji wa Kiswahili na Kikamba ana hesabu tofauti ya yale ayajuayo na yale asiyoyajua. Matokeo yake ni kwamba hupoteza saa nyingi kwenye mambo mepesi na kuachwa peke yake kwenye mambo magumu.

Tuanze na mepesi. Nomino za Kiswidi zimegawanyika katika makundi mawili, la en na la ett. Kitabu ni en bok, nyumba ni ett hus. Kivumishi hupatana na nomino yake: en stor bok, ett stort hus, na kwa wingi stora böcker. Mwandishi wa Kiingereza humtuliza msomaji wake kabla ya kumweleza jambo hili, kana kwamba ni maradhi. Kwa mwanafunzi aliyelelewa na kitabu kikubwa, nyumba kubwa na vitabu vikubwa, huu ni upatanisho wa kisarufi wa kawaida, tena wenye ngeli chache mno. Mwalimu angeweza kumwambia kwa sentensi moja kwamba Kiswidi kina ngeli mbili na kuendelea na somo.

Vivyo hivyo kauli ya kutendwa. Mwingereza huhitaji maneno mawili kusema kwamba kitabu kinasomwa. Kiswidi hukiambatisha kitenzi kiambishi tamati: läser ni anasoma, na boken läses ni kitabu kinasomwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejua kunyambua vitenzi hukutana hapa na rafiki wa zamani aliyevaa koti jipya.

Sasa magumu. Kiswidi hutofautisha nomino isiyojulikana na ile inayojulikana kwa kuongeza kiambishi mwishoni: bok ni kitabu, boken ni kile kitabu tunachokijua. Vitabu vya Kiingereza huandika boken kando ya tafsiri yake ya Kiingereza na kusonga mbele, kwa kuwa Mwingereza ana kineno cha kazi hiyo. Kiswahili hakina kineno hicho. Kinayo njia nyingine. Anayesema nimekisoma kitabu huashiria kwa ki ya mtendwa kwamba kitabu hicho kinajulikana. Laiti kozi ingeanzia hapo, mwanagenzi angeelewa kwa dakika tano jambo linalomsumbua kwa miezi.

Mpangilio wa maneno nao una mtego. Kitenzi cha Kiswidi katika sentensi ya kuarifu hudai nafasi ya pili. Jag läser en bok idag maana yake ninasoma kitabu leo. Ukitanguliza neno la leo, kiwakilishi hurudi nyuma ya kitenzi: idag läser jag en bok. Katika Kiswahili, leo ninasoma kitabu haimsumbui mtu, kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kitenzi cha Kiswidi hakibebi nafsi kabisa. Ni läser kwa mimi, kwa wewe na kwa wao, hivyo kiwakilishi hakiachwi. Mwanafunzi wa Kiswahili huelekea kukidondosha, na kitabu cha Kiingereza hakimwonyi, kwa kuwa Mwingereza hana mwelekeo huo.

Jambo kubwa zaidi ni matamshi. Kiswidi kina irabu ndefu na fupi. Tak ni paa, tack ni ahsante, na kinachotofautisha ni urefu wa irabu. Zaidi ya hayo, katika lahaja nyingi za Uswidi, maneno mawili yenye maandishi yaleyale hutofautishwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Anden kwa mtajo mmoja ni yule bata, na kwa mtajo mwingine ni ile roho. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Ndiyo sababu ilisemwa hapo awali kwamba kitabu kisicho na sauti ni bubu.

Kiswahili, chenye mkazo wake katika silabi ya pili kutoka mwisho, hakimsaidii mtu sana hapa. Kikamba humsaidia. Kikamba ni lugha ya toni. Kina irabu saba na hutofautisha irabu fupi na ndefu, na toni zake haziandikwi katika maandishi ya kawaida. Mkamba amezoea tangu utotoni kusoma neno lililo kimya na kulipa sauti yake sahihi kutokana na muktadha. Ustadi huo Mwingereza hana, na kozi yake haiwezi kumkumbusha Mkamba kwamba anao. Irabu za y, u na ö zitamtoa jasho kama zinavyowatoa wengine, na ile sauti ya mwanzo wa sju, yaani saba, itamtaka asikilize mara nyingi. Lakini katika toni na urefu wa irabu, mtu wa Kibwezi huenda akawa mbele ya mwanafunzi wa London, ila hakuna aliyemwambia.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kenya ni nchi inayosoma kwa Kiingereza, hivyo aliyemaliza shule hahitaji mlango mwingine. Ni kweli kwamba wengi wanaweza kuzisoma kozi za Kiingereza. Kuweza kupita kwenye mlango wa jirani hakumfanyi mtu asihitaji mlango wake. Aidha, Kiingereza cha anayejifunza Kiswidi ili amfuate mwenzi wake wa ndoa si lazima kiwe sawa na cha mwanafunzi wa chuo kikuu, na haki ya kujifunza si ya wahitimu peke yao.

Pingamizi la pili ni kwamba wanaotaka Kiswidi ni wachache mno. Huenda hilo pia ni kweli. Lakini wasemaji wa Kiswidi wenyewe ni takriban milioni kumi tu, na hawakuuona uchache wao kuwa sababu ya kulala. Waliitungia lugha yao sheria mwaka 2009 kuwa lugha kuu ya nchi, na wakaiandalia kozi za kuwafikia wageni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo ni tamko. Kazi ndiyo huitia nyama. Vilevile, mwongozo utakaofaa kwa Kiswidi utakuwa kielelezo cha Kijerumani, Kireno, Kichina na nyinginezo, ambazo wanafunzi wake ni wengi.

Pingamizi la tatu, ambalo ndilo zito, ni kwamba Kiswahili hakina waandishi wanaokijua Kiswidi. Jibu ni kwamba daraja hili limekwisha kujengwa kutoka upande wa pili. Abdulaziz Lodhi, mwanaisimu mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na kwa kushirikiana na mwenzake alitunga kitabu kifupi cha kuwafundisha Waswidi Kiswahili kwa Kiswidi. Mswidi amepata kujifunza lugha hii akiwa ameketi katika lugha yake mwenyewe, kama Mwingereza alivyopata kwa Teach Yourself Swahili cha D. V. Perrott cha mwaka 1951. Aliyeandika kwa Kiswidi kuhusu Kiswahili amethibitisha kwamba elimu ya lugha zote mbili inaweza kukaa katika kichwa kimoja. Kilichobaki ni kuigeuza kalamu.

Ushauri na wajibu

Kwa sasa, mtu wa Kibwezi afanyeje? Kwanza, alijue lengo lake. Anayetaka kumsoma Lindblom anahitaji sarufi na kamusi kuliko mazungumzo ya mkahawani. Anayemfuata mwenzi wake anahitaji kinyume chake. Pili, asinunue kitabu kabla ya kuhakikisha kwamba sauti zake zinapatikana na zinafunguka. Tatu, achague kozi moja ya kumwongoza na aimalize, badala ya kuanza tano na kuishia somo la tatu katika kila moja. Kitabu cha fungu la kwanza, kikisaidiwa na rekodi za bure za fungu la tatu, kinamtosha kwa miezi ya mwanzo. Nne, baada ya miezi hiyo ahamie kwenye Kiswidi chepesi cha watu halisi, kama gazeti la 8 Sidor, ambalo limekuwa likiandikwa kwa lugha rahisi tangu mwaka 1984. Tano, awe na daftari lake la kulinganisha, ukurasa mmoja Kiswidi na wa pili Kiswahili na Kikamba, pasipo Kiingereza katikati.

Daftari hilo ndilo mbegu. Kile anachokifanya mtu mmoja kwa siri ya chumba chake, chama cha wanafunzi kinaweza kukifanya hadharani. Si lazima kuanza na kitabu cha kurasa mia tatu. Kijitabu cha kurasa arubaini kingetosha: matamshi, ngeli mbili, nomino inayojulikana, nafasi ya kitenzi, na kamusi thaniya ya maneno elfu moja, kikiambatana na rekodi za msemaji wa Kiswidi. Tasnifu za isimu linganishi huandikwa katika idara za Kiswahili, nyingi zikilinganisha Kiswahili na lugha za nyumbani kama Kikamba, kisha hulala maktabani. Maarifa yaliyomo humo ndiyo hasa yanayohitajika katika kijitabu cha namna hii, na wanafunzi waliotoka Makueni na Kitui wangekuwa na la kuwaambia wenzao kuhusu toni kuliko mtaalamu yeyote wa mbali.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Lindblom alikuja Ukambani, akapokewa, akafundishwa lugha, hadithi na vitendawili, akarudi kwao na juzuu. Uppsala ilipona. Ni zamu ya mwenyeji kufunga safari ya pili, na ni aibu kwa wasomi wa Kiswahili iwapo safari hiyo itaendelea kuanzia katika lugha ya mtu wa tatu.